Miaka Mia Moja ya Petroli ya Sumu



Mwezi Julai mwaka 2021, katika nchi ya Algeria, ziliuzwa lita za mwisho za petroli ya magari iliyotiwa madini ya risasi. Mwezi uliofuata, Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake pale Gigiri, Nairobi, likautangazia ulimwengu kwamba mafuta hayo hayauziwi tena magari ya barabarani popote duniani. Habari hiyo ilipita kimya kimya, maana siku zile masikio ya watu yalikuwa kwenye Korona. Hata hivyo yafaa isimuliwe tangu mwanzo, kwani ndani yake mna swali ambalo sisi wakazi wa mijini bado hatujalijibu: hewa ikitiliwa shaka, ni nani anayepaswa kuleta ushahidi, anayeichafua au anayeivuta?

Kisa kilianza Desemba 1921 mjini Dayton, Marekani. Injini za siku hizo zilikuwa na ugonjwa wa kugonga. Mhandisi wa General Motors, Thomas Midgley, akagundua kwamba dawa yenye risasi, ikitiwa kidogo tu katika petroli, huinyamazisha injini. Ilijulikana pia kuwa spiriti ingeweza kufanya kazi hiyo, lakini spiriti hutengenezwa na yeyote, na kampuni isingepata faida ya kuimiliki peke yake. Mafuta mapya yakabatizwa jina la Ethyl. Neno risasi halikutajwa.

Kwamba risasi ni sumu halikuwa jambo geni. Midgley mwenyewe iliwahi kumwuguza. Kisha Oktoba 1924, katika kiwanda cha Bayway, New Jersey, wafanyakazi walioitengeneza dawa hiyo walianza kurukwa na akili, na watano wakafa. Siku chache baadaye Midgley akawaita waandishi wa habari, akanawa mikono kwa dawa ile ile na kuvuta mvuke wake kwa muda wa dakika moja, ili waamini kwamba haina neno.

Mwezi Mei 1925 serikali iliitisha mkutano mjini Washington. Daktari Alice Hamilton wa Chuo Kikuu cha Harvard, bingwa wa magonjwa ya viwandani, alionya kwamba hatari inaweza kudhibitiwa ndani ya kiwanda, lakini si katika nchi nzima. Mwakilishi wa kampuni aliiita dawa hiyo zawadi ya Mungu, na akataka wanaoipinga ndio walete ushahidi. Kamati ya wataalamu ikapewa miezi michache tu, ikaona hakuna sababu ya kutosha ya kuipiga marufuku, ikashauri uchunguzi uendelee. Uliendelea, lakini kwa miaka arobaini sehemu yake kubwa ilikuwa mikononi mwa waliolipwa na wauzaji. Kesi ya nyani ikapelekwa kwa ngedere.

Mwaka 1965 mwanasayansi Clair Patterson alionyesha kwamba risasi iliyomo miilini mwa watu si ya asili bali imeletwa na viwanda na magari. Wengine wakaonyesha kuwa hata kiasi kidogo hudhuru ubongo wa mtoto. Marekani ilianza kuipunguza katika miaka ya 1970, na mwaka 1996 ikaipiga marufuku kabisa kwa magari ya barabarani. Kati ya mwisho wa miaka ya 1970 na mwanzo wa miaka ya 1990, risasi katika damu ya Wamarekani ilishuka kwa zaidi ya robo tatu.

Na sisi je? Juni 2001 wajumbe wa nchi za Afrika kusini mwa Sahara walikutana Dakar, Senegal, wakaazimia kuiondoa. Ilipofika Januari 2006, eneo hilo lote lilikuwa limeiacha. Jambo lililowachukua wakubwa miongo mingi, sisi tulilimaliza kwa muda usiofika miaka mitano. Magari hayakusimama, matatu na daladala ziliendelea kubeba abiria.

Basi asituambie mtu kwamba moshi wa mjini ni kudra ya Mungu. Moshi una mwenyewe, na una sheria inayoweza kuukomesha.

Lakini mzigo wa ushahidi bado tunatwishwa sisi. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, walivuta risasi ya kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilichojengwa jirani yao. Ilibidi wao, maskini na wagonjwa, ndio waende kortini. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Uamuzi huo ukatenguliwa, kisha Mahakama ya Juu ikaurejesha Desemba 2024. Wakati huo kiwanda kilikuwa kimefungwa miaka kumi iliyopita, na damu ya watoto ilikwisha kupokea ilichopokea.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, kiwanda kipya kinapoombewa kibali katika mtaa wako, au lori kuukuu linapotapika moshi mweusi mbele ya shule, usikubali kuulizwa, "Nani amekufa?" Uliza wewe kwanza: "Nani amethibitisha kuwa ni salama, na amelipwa na nani?" Swali hilo lingeulizwa kwa dhati mwaka 1925, dunia isingengoja hadi 2021.