Neno Lililobaki Bila Mwenyewe

Nikiwa darasa la sita, mwalimu aliandika "ruthless" ubaoni akauliza maana yake. Niliinua mkono mbio nikasema ni mtu asiye na Ruth. Darasa zima likaangua kicheko. Mimi sikuona kosa. Shosho yangu aliitwa Ruth, na sikuweza kufikiria ukatili kuliko kuishi bila yeye.

Miaka mingi baadaye niligundua kwamba kumbe sikuwa mbali. "Ruth" lilikuwa neno kamili la Kiingereza, na maana yake ilikuwa huruma. Lina undugu na kitenzi "rue", yaani kusikitika au kujuta. Chaucer alilitumia katika karne ya 14, likiandikwa "routhe". Milton naye alilitia katika Lycidas, shairi la mwaka 1637 la kumwomboleza mwanafunzi mwenzake aliyezama baharini. Kisha neno likachakaa. Leo ni nadra sana kulisikia, lakini "ruthless" liko kila mahali. Wenye lugha walibaki na jina la kukosa huruma, huruma yenyewe wakaiita kwa maneno yaliyopitia Ufaransa: "mercy", "pity", "compassion".

Ruth wa Biblia, yule Mmoabi aliyekataa kumwacha mama mkwe wake Naomi, hahusiki hapa. Jina lake limetoka kwa Kiebrania, yamefanana sauti tu. Lakini shosho alilibeba kana kwamba maana zote mbili ni zake. Jirani akifiwa, yeye ndiye alifika wa kwanza na sufuria ya chai, na akaondoka wa mwisho.

Sisi bado tuna neno letu. Nairobi hata tuna mtaa unaoitwa Huruma. Aprili 2016, usiku wa mvua kubwa, jengo la orofa liliporomoka huko likaua watu zaidi ya 40. Lilikuwa limeshapangiwa kubomolewa, na bado watu walikuwa wanaishi ndani. Zaidi ya siku tatu baadaye, waokoaji walimtoa mtoto mchanga akiwa hai chini ya kifusi. Mtaa huohuo, huruma na ukosefu wake.

Siku hizi kwenye habari nasikia "bila huruma" karibu kila jioni. "Huruma" peke yake, mara mojamoja. Na Waingereza hawakukaa kikao wakaamua kulizika neno lao. Waliacha tu kulitumia.

Shosho alituacha mwaka jana. Nikisema boma lake sasa ni ruthless, si mnielewe, msicheke.