Uamuzi wa pamoja wa matibabu
Uamuzi wa pamoja wa matibabu ni utaratibu ambao mgonjwa na mtabibu huchagua tiba wakipima ushahidi wa utafiti na hali ya mgonjwa. Nchini Kenya, Sheria ya Afya ya 2017 humpa mgonjwa haki ya kuelezwa njia za tiba, faida, hatari na gharama zake, kwa lugha anayoielewa. Kwa mtoto mwenye ugonjwa wa selimundu, mfano mmoja wa ushahidi ni utafiti wa REACH, uliofanyika Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda na kuchapishwa 2019: dawa ya haidroksiyurea ilipunguza maumivu, malaria na haja ya kuongezewa damu. Hata hivyo, dawa hiyo humezwa kila siku na huhitaji vipimo vya damu mara kwa mara.