Kofia na Mkono Ulioishona: Habari za Udarizi wa Nyumbani Katika Pwani

Katika kitabu cha Desturi za Wasuaheli, kilichotolewa na Carl Velten huko Göttingen mwaka 1903, Mtoro bin Mwinyi Bakari ameeleza mambo ambayo mtumwa wa zamani hakuruhusiwa kuyafanya mbele ya waungwana. Hakuvaa kofia, hakuvaa viatu, wala hakuvaa kanzu ndefu ya kufunika miguu. Maneno hayo ni machache, na msomaji aweza kuyapita upesi ili afikie habari za arusi na ngoma zilizo nyingi kitabuni humo. Lakini yanatosha kutuonyesha kwamba katika miji ya pwani kofia haikuwa kitu cha kukinga jua tu. Mtu alipotokea njiani, kichwa chake kilitangulia kusema yeye ni nani, kabla hajatoa salamu.

Habari za wavaaji zimeandikwa na wengi: masultani, makadhi, wafanya biashara, na wageni waliowasifu au kuwacheka. Habari za walioshona ni haba. Sababu yake si ngumu kuitambua. Kazi hiyo ilifanywa nyumbani, mara nyingi na wanawake, katika saa za baina ya upishi na sala, nayo ikahesabiwa kuwa ni ya kupitisha wakati. Kitu kinachohesabiwa hivyo hakiingii katika daftari la forodha wala katika barua za mabalozi. Hata hivyo, ikiwa kofia ilikuwa alama ya uungwana, basi walioishona ndio waliokuwa wakiitengeneza alama hiyo kwa mikono yao, na habari zao ni sehemu ya historia ya uungwana wenyewe.

Nguo zenye nakshi zilijulikana pwani tangu zamani. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alipewa na mwenye mji mavazi ya heshima, na miongoni mwao kilikuwamo kilemba cha Misri chenye mapambo. Akaeleza pia kwamba mji huo ulifuma nguo zake wenyewe, zikapelekwa mpaka Misri. Katika karne ya 16 Wareno waliona Pate hariri zikifumwa kwa ustadi, wakazinunua ili kuziuza katika miji mingine. Lugha nayo imehifadhi athari za safari hizo. Neno darizi, na taraza lenye maana ya ukingo wa hariri katika kilemba au nguo, yametoka mashariki, katika Kiarabu na Kiajemi. Almaria ni neno la Kireno. Maneno yote matatu yakakaa Uswahilini pamoja bila ugomvi, kila moja na kazi yake, jambo ambalo wenyewe walioyaleta hawakuliweza.

Ushahidi ulio wazi zaidi wa udarizi wa nyumbani watoka kwa mwanamke. Sayyida Salme binti Said, aliyezaliwa Mtoni, Unguja, mwaka 1844, aliondoka kwao mwaka 1866 akaolewa na Mjerumani, na mwaka 1886 akachapisha Berlin kumbukumbu za maisha yake. Akieleza namna siku ilivyopita katika majumba ya baba yake, asema kwamba baadhi ya wanawake walikaa wakidarizi barakoa zao, nguo zao na suruali zao kwa nyuzi za dhahabu, au wakadarizi kanzu za waume na wana wao kwa hariri nyekundu na nyeupe, kazi iliyotaka ustadi mkubwa. Ajuaye kanzu za pwani atatambua mara moja ni kitu gani alichokuwa akikisema bibi huyo: mishono ya hariri kuzunguka shingo na kifua, ambayo kwayo kanzu ya mtu mmoja ilitofautiana na ya mwenziwe ijapokuwa zote mbili ni nyeupe.

Habari hizo zataka kusomwa kwa uangalifu. Salme aliandika ili kuwaonyesha Wazungu kwamba wanawake wa kwao hawakuwa wavivu kama walivyodhaniwa, na katika kutetea akawasogeza mbele mabibi. Majumba makubwa yalikuwa pia na vijakazi waliofunzwa kazi za mikono, na si kila mshono uliotoka ndani ya majumba hayo ulikuwa wa bibi. Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba mkono wa asiyeruhusiwa ukaya ndio uliopamba nguo za wenye kuruhusiwa. Salme mwenyewe alikuwa mtoto wa suria aliyeletwa kutoka nchi ya Wacherkesi. Mpaka baina ya bibi na kijakazi, ambao mlangoni ulikuwa mkali, penye mkeka wa kushonea haukuwa rahisi kuuona.

Yafaa sasa kuitazama kazi yenyewe, kwa kuwa wengi waliovaa kofia maisha yao yote hawajapata kuiona ikianzwa. Kofia ya kushonwa kwa mkono ina vipande viwili: kimoja cha mviringo cha kufunika utosi, na kimoja kirefu cha kuzunguka kichwa. Kila kipande huwa na nguo zaidi ya moja zilizowekwa pamoja, kwa kawaida za pamba nyeupe. Kwanza hupatikana mchoro. Mchoraji huenda akawa mtu mwingine kabisa, maana kuchora ni kipawa na kushona ni kipawa, na si lazima vikutane katika mtu mmoja. Hugawa kipande kirefu kwa kipimo, kwa kuwa maua au pembe zake zikizunguka kichwa ni lazima zikutane sawasawa zilikoanzia; akikosea kidogo mwanzoni, kosa hujitokeza mwishoni, tena mahali pa kuonekana na kila mtu.

Kisha huja vitundu. Hapo ndipo penye uhai wa kofia ya viua. Kitundu hakikatwi kwa mkasi, kwani nguo iliyokatwa hufumuka. Hutobolewa kwa kitu chenye ncha, nyuzi za nguo zikasukumwa kando, halafu uzi ukazungushwa ukingoni mwake mshono kwa mshono mpaka kikakaza na kusimama. Vitundu hivyo huwa vingi mno, vidogo kama vichwa vya pini, navyo hupangwa kufuata mchoro. Mahali pengine mshonaji hupitisha nyuzi baina ya nguo mbili ili mchoro uvimbe na kuguswa kwa kidole. Kofia moja nzuri huchukua wiki nyingi, pengine miezi, kwa kuwa haishonwi mfululizo. Hushikwa, huwekwa, hushikwa tena. Ikiisha hufuliwa, hutiwa wanga, na kuvishwa juu ya kitu cha kiasi cha kichwa ikauke na umbo lake. Faida ya vitundu si uzuri peke yake. Hupitisha upepo, na kwa mtu wa Lamu au Unguja katika miezi ya kaskazi hiyo si faida ndogo.

Isidhaniwe kwamba sindano ilikuwa ya wanawake tu. Lamu wanaume nao hushona kofia, wakiwa wamekaa barazani, na hawaoni haya kwa hilo. Wenye kuona haya kwa niaba yao ni wageni. Tofauti ni kwamba mwanamume wa barazani alionekana akifanya kazi, akajulikana kwa kazi hiyo, na mwenye kutaka kofia akamjua wa kumwendea. Aliyeshona ndani hakuonekana. Kazi yake ilitoka nyumbani mkononi mwa mtoto au mwanamke mzee wa kuiuza, na ikifika mjini ilikuwa imekwisha kuwa kofia tu, haina mwenyewe.

Mwaka 1897 utumwa ulifutwa katika sheria za Unguja na Pemba, ijapokuwa masuria waliachwa nje ya sheria hiyo mpaka mwaka 1909. Katika pwani ya Kenya sheria kama hiyo ilipita mwaka 1907, na Tanganyika mwaka 1922. Wanahistoria wa siku hizi wamechunguza kwa bidii namna waliotoka utumwani walivyojivika mavazi ya watu huru: wanawake wakachukua kanga za rangi, kisha na buibui, wanaume wakachukua kanzu na kofia. Hawakungoja kupewa ruhusa. Aliyekatazwa kofia jana aliinunua leo, akaivaa Ijumaa, akapita nayo palepale alipokuwa akipita kichwa wazi. Wapo waliolicheka jambo hili wakasema ni kujionyesha. Hukumu hiyo si ya haki. Mtu ambaye kwa miaka mingi alijulishwa unyonge wake kwa kichwa chake kilicho wazi alikuwa na sababu nzuri ya kuanzia hapo.

Jambo lisilotajwa sana ni kwamba kofia hizo zilihitaji washonaji. Vichwa vilivyozuiliwa viliporuhusiwa, kazi iliyokuwa ya kupamba watu wa nyumba moja ilizidi kuwa kazi ya soko. Kwa wanawake wa mijini, hasa waliolazimika kukaa ndani kwa ajili ya heshima, zilikuwapo njia chache za kupata fedha pasipo kutoka: kusuka ukili, kupika vitumbua na mikate ya kuuzwa na watoto, na kushona kofia. Mjane au mwanamke aliyeachwa aliweza kulipa kodi ya chumba kwa sindano. Fedha hizo zilikuwa kidogo kuliko kazi iliyofanywa, na asiyejua husema kwa wepesi kwamba bibi fulani alipenda sana kushona. Huenda alipenda. Lakini starehe na haja zilikaa katika mkeka mmoja, na si kazi ya mwanahistoria kuzitenga ili apate picha iliyo tulivu.

Shule zilileta mambo mengine. Serikali ilipofungua Unguja shule yake ya wasichana mwaka 1927, kazi ya sindano ilikuwa miongoni mwa masomo, na wazazi waliokuwa na shaka juu ya shule waliona angalau somo moja wanalolijua. Huko na kwingineko Afrika ya Mashariki yakaenea mapambo mapya: foronya zenye maua na maneno ya kutakiana usingizi mwema, vitambaa vya meza, na vitambaa vya kufuma vya kutandazwa juu ya viti vya wageni. Wako wanaoyadharau kwa kuwa ni mafunzo ya kikoloni ya kumfanya msichana awe mke mtulivu. Nia hiyo ilikuwapo. Hata hivyo wasichana waliyachukua wakayatumia walivyotaka, na foronya ya bibi arusi ikasema maneno ambayo mwalimu wake hakuyafundisha.

Kwa nini basi vitu vya zamani vya namna hii ni adimu? Viti vya enzi vipo, milango ya nakshi ipo, siwa za Lamu na Pate zimehifadhiwa. Kofia ya mwaka 1890 ni shida kuipata. Sababu moja ni jasho, sabuni na wanga: kofia iliyopendwa ilifuliwa mpaka ikalika. Ya pili ni desturi. Sehemu nyingi za pwani nguo za maiti hugawiwa waliomwosha na watu wa karibu, kwa hiyo kilichopendwa zaidi na marehemu ndicho kilichotangulia kutoka nyumbani. Iliyobaki kashani ni ile ambayo haikumaliza kushonwa, au ile iliyochakaa ikawekwa iwe kiolezo cha kuhesabia vitundu. Mwenye kutafuta ukumbusho wa nyumba ya kale huona aibu kidogo anapoonyeshwa kitambaa cha namna hiyo, kimekuwa rangi ya chai, chenye nyuzi zinazoning'inia. Wala asione aibu. Kofia iliyokwisha huonyesha uzuri tu. Iliyoachwa nusu huonyesha mstari wa kalamu, idadi ya nguo zilizotiwa, na mahali mshonaji alipokosea akafumua.

Salme naye hakuweka mengi. Picha yake mashuhuri, iliyopigwa Hamburg akiwa amevaa mavazi ya Unguja, ni ushahidi wa nguo zenyewe kuliko maneno mengi. Alipofariki Jena mwaka 1924 ulikutwa miongoni mwa vitu vyake mfuko mdogo wa mchanga wa pwani ya Unguja, akazikwa nao. Katika jumba la makumbusho la Beit al-Sahel, Unguja, kiliwekwa chumba kwa ajili yake. Waliodarizi naye katika nyumba za Mtoni na mjini hawana chumba.

Ufundi wenyewe haukubaki mahali pamoja. Ngazija mchumba humshonea mumewe kofia, na ubora wake hutazamwa na ukoo mzima. Oman kofia ya vitundu ni vazi la taifa, na wanawake huko huishona majumbani kama washonavyo wa Unguja. Udugu wa nchi hizi mbili ulikuwa mkubwa tangu zamani, nao ukazidi baada ya mwaka 1964, wengi walipohama Unguja, na baada ya mwaka 1970, walipokaribishwa Oman. Mabishano juu ya nani alimfunza nani husikika pande zote mbili. Yanayojulikana yaelekea kuipa pwani ya Afrika haki kubwa zaidi, lakini sindano ilisafiri pamoja na watu waliokwenda na kurudi, na mara nyingi mshonaji yuleyule alikuwa na jamaa katika bandari zote mbili.

Siku hizi kofia nyingi madukani ni za mashine na hutoka nchi za mbali. Ni nafuu, na kijana anayetaka kwenda sala ya Idi hawezi kulaumiwa kwa kuinunua. Njia ya kuitambua ni kuigeuza ndani nje. Mashine hupitisha uzi wake mfululizo kutoka ua hadi ua, na upande wa ndani huwa na mikokoto ya nyuzi. Kofia ya mkono, ikiwa ya fundi, ndani yake ni karibu sawa na nje, na vifundo vyake ni vidogo hata kichwa hakivihisi.