Uwanda wa Juu wa Ufipa: Uoto Upi Urudishwe?

Anayepanda kutoka bonde la Ziwa Rukwa kwenda Sumbawanga huuacha msitu wa miombo chini na kutokea kwenye nchi ya majani, kiasi cha mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Miti ya asili imesalia kwenye makorongo na katika safu ya Mbizi. Mgeni husema haraka kwamba nchi hii imefyekwa. Kauli hiyo ni kweli nusu tu. Katika miinuko ya ukanda huu, majani ya milimani na vipande vya msitu vimeishi pamoja tangu kale, na si kila mahali pasipo mti pameharibiwa. Anayetaka kuurudisha uoto wa Ufipa hana budi kwanza aujue ulikuwaje.

Wafipa wenyewe waliacha alama mbili kubwa juu ya ardhi yao. Ya kwanza ni chuma. Malungu, yaani matanuri marefu ya udongo yaliyovuta hewa yenyewe bila mivukuto, yaliyeyusha mawe ya chuma kwa makaa ya miti. Kisha chuma kilisafishwa katika tanuri dogo liitwalo kintengwe. Kazi hiyo ilikula miti, na mabaki ya malungu bado yanaonekana wilayani Nkasi. Ilififia katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, majembe ya dukani yalipoenea.

Alama ya pili ni ntumba. Mvua zikishailainisha ardhi, mkulima alikata udongo pamoja na majani yake, akaupindua na kuukusanya kuwa tuta la mviringo. Majani yaliyofukiwa yalioza humo, na maharage yakapandwa juu. Msimu uliofuata tuta lilibomolewa, udongo ukasambazwa, ukapandwa ulezi. Roy Willis, mwanaanthropolojia Mwingereza aliyefanya utafiti Ufipa mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliona kwamba kilimo hiki kiliwawezesha watu kuishi katika vijiji vikubwa vilivyotulia. Wabemba, katika Zambia ya leo, walikata matawi na kuyachoma ili kupata majivu ya shamba, kwa hiyo walihitaji miti na walihamahama. Mfipa alipata rutuba kutokana na majani. Kurutubisha ardhi iliyochoka, basi, kulikuwa kazi ya jembe lake kila mwaka.

Mambo yalibadilika baada ya Uhuru. Mkoa wa Rukwa, wenye Ufipa ndani yake, ulianzishwa mwaka 1974, wakati wa operesheni ya vijiji. Mahindi na mbolea za dukani vikapewa kipaumbele, na Rukwa ikahesabiwa pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma kuwa ghala la taifa. Plau la ng'ombe lililima haraka maeneo ambayo kwa ntumba yangechukua muda mrefu. Mashamba yalivyopanuka, na mji ulivyohitaji kuni na mkaa, mzigo uliiangukia Mbizi, makazi ya mbega wekundu na chanzo cha maji ya Sumbawanga. Udongo unaochukuliwa na mvua kwenye miteremko ya mashariki huishia Ziwa Rukwa, ziwa lenye kina kifupi lisilo na mto wa kutokea.

Kwingineko Tanzania imejaribu tiba mbalimbali za ardhi iliyoharibika. Mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) ulianza Dodoma mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika maeneo ya Kondoa yaliyomomonyoka. Mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga), ulioanza Shinyanga mwaka 1986, ulifuata njia nyingine: ulifufua ngitili, malisho ambayo Wasukuma waliyafunga kwa desturi yao. Visiki na mbegu vilivyokuwemo ardhini vilichipua vyenyewe, na zaidi ya hekta 300,000 zikarudi.

Mwaka 2018 Tanzania iliahidi kurejesha hekta milioni 5.2 ifikapo 2030. Kwa Ufipa, hatari ni kuihesabu ahadi hiyo kwa miche. Paini na mikaratusi hutoa mbao na kuni, na zina nafasi yake shambani; zikipandwa kwenye majani ya asili, zinafuta uoto mmoja kwa jina la kurudisha mwingine. Kingo za msitu wa Mbizi zinahitaji zaidi ulinzi dhidi ya moto na shoka. Vyanzo vya maji vinahitaji zile mita 60 ambazo Sheria ya Mazingira ya 2004 imezitenga. Nayo mashamba yaliyochoka yanahitaji mboji, na wazee wa Ufipa waliojua kuitengeneza kwa ntumba wangefaa kuwa wakufunzi wa kwanza.