Usiku wa Tunduma

Usingizi nao una historia, ingawa vitabu vyetu havina desturi ya kuiandika. Pale Tunduma, mkoani Songwe, historia hiyo ilikuja kwa barabara.

Mwezi Novemba 1965 Ian Smith alijitangazia uhuru wa Rhodesia. Zambia ikakosa mafuta yaliyopitia kusini, ikabidi yaletwe kutoka Dar es Salaam kwa malori. Njia ilikuwa ya vumbi na matope, hata wageni wakaiita Njia ya Jehanamu. Baadaye ikaja lami, kisha reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975. Hapo awali, katika vijiji vya Wanyamwanga, giza ndilo lililowaamuru watu kulala. Sasa zikaja honi, taa za malori yaliyopanga foleni mpakani, na muziki wa baa. Mwishoni ikaja simu, nayo ikaingia hadi kitandani.

Mtu mzima huzoea. Wako watoto ambao hawawezi. Mwaka 1943 daktari Leo Kanner, huko Marekani, alieleza habari za watoto 11 wenye hali ambayo leo twaiita usonji. Zaidi ya nusu ya watoto wenye hali hiyo husumbuliwa na usingizi. Mwaka 1958 Aaron Lerner aligundua melatonini, homoni ambayo ubongo huitoa gizani. Na mwaka 1980 Alfred Lewy na wenzake wakaonyesha kwamba mwanga mkali huizuia. Kwa mtoto ambaye usingizi wake ni haba tangu mwanzo, mwanga wa simu usiku ni hasara juu ya hasara.

Hapo ndipo mama hulaumiwa. Ataambiwa mwanawe ana pepo, au kwamba hajui kulea. Ndugu msomaji, mama huyo hajalala kwa miezi, lawama haitamlaza.

Simu hiyo hiyo yaweza kumfaa. Aandike humo, kwa majuma mawili, saa mtoto alipolala na alipoamka, ampelekee daktari. Iwekwe kengele ya saa ileile kila jioni, kisha itolewe chumbani. Pazia zito lifungwe dirishani. Malori ya Tunduma hayatasimama kwa ajili ya mtoto mmoja, lakini chumba chake chaweza kurudishiwa giza lake.