Vyumba Viwili vya Alexandra Palace

Aingiaye leo katika studio ya televisheni, iwe Nairobi, Unguja au Dar es Salaam, hukuta kaida ambazo wenyeji wake huzifuata pasipo kuulizana: mwongozaji ameketi chumba cha peke yake mbele ya safu ya monita, msimamizi wa ukumbi amevaa hedifoni akingoja agizo, wapiga picha wanaitwa kwa nambari za kamera zao wala si kwa majina waliyopewa na wazazi wao, na maikrofoni imening'inia juu ya vichwa vya wasemaji kwenye mti mrefu ambao mtazamaji haruhusiwi kuuona. Baadhi ya zana hizo, kama vile mti wa maikrofoni na kigari cha kamera, ziliazimwa kwa watu wa sinema. Lakini ule mpango wenyewe wa kuongoza kamera kadhaa kwa wakati mmoja, huku picha inakwenda hewani, misingi yake iliwekwa kwa kiasi kikubwa kati ya Novemba 1936 na mwanzo wa Februari 1937, katika jumba la Alexandra Palace, juu ya kilima kaskazini mwa London.

Jumba hilo lilikuwa na studio mbili kwa sababu serikali ya Uingereza haikutaka kuchagua. Kamati iliyosimamiwa na Lord Selsdon ilitoa taarifa yake Januari 1935, ikashauri mitambo ya kampuni mbili ijaribiwe kwa zamu: ya John Logie Baird, yule Mskoti ambaye Januari 1926 aliwaonyesha wataalamu, katika mtaa wa Soho, taswira ya uso ikitikisika, na ya Marconi-EMI, ambayo utafiti wake uliongozwa na Isaac Shoenberg. Baird aligawa picha yake kwa mistari 240; wenzake waliigawa kwa mistari 405. Basi siku ya ufunguzi wa matangazo ya televisheni, tarehe 2 Novemba 1936, hotuba zilitolewa na mwimbaji Adele Dixon akaimba katika mtambo wa Baird, uliotangulia kwa kura, kisha alasiri hiyo hiyo shughuli ikarudiwa upya katika mtambo wa pili. Tangu hapo zamu zikawa za wiki kwa wiki.

Katika chumba cha Baird kamera kuu haikutembea. Ilifungwa ndani ya kibanda cha kioo, kwa kuwa haikuituma picha hewani moja kwa moja, bali iliinakili kwanza katika filamu, nayo filamu ikapita papo hapo katika matangi ya dawa, mojawapo saianidi, sumu iuayo, ikaoshwa, na ingali imelowa maji ikamulikwa kwa mwali uliokuwa ukiigeuza taswira kuwa umeme. Na shughuli hiyo ilichukua karibu dakika nzima. Mpiga picha aliweza kuigeuza kamera upande huu na huu, na kubadili lenzi, zaidi ya hapo hakuwa na la kufanya. Mwongozaji naye, kila alipotambua kosa katika picha, alijua kwamba limekwisha kutendeka zamani ukumbini, na kwamba waliolitenda wamekwisha kusonga mbele. Matangazo mafupi yalisomwa katika chumba kingine kidogo, gizani, msomaji akipigwa usoni na nuru yenye kumetameta bila kituo, uso wake umepakwa rangi nzito, na picha isiweze kuonyesha ila kichwa na mabega.

Ukumbi wa pili ulikuwa na kamera za Emitron, ambazo ziligeuza nuru kuwa umeme pale pale ndani ya bomba la kioo. Kamera moja ilisukumwa juu ya kigari, nyingine zikasimama juu ya miguu yake, zote zikifuatwa na nyaya zake sakafuni. Hata bustanini zilitolewa. Raha haikuwa kamili, kwani mpiga picha katika kidirisha chake aliwaona watu vichwa chini miguu juu, akalazimika kuizoeza mikono yake kwenda kinyume cha macho. Na kuhama kutoka kamera moja hadi nyingine hakukufanyika kwa ghafla, bali picha ya kwanza ilififia taratibu huku ya pili ikijitokeza. Walakini mwongozaji, aliyeketi chumba cha juu chenye dirisha la kutazamia ukumbi, mahali ambapo Waingereza hadi leo hupaita roshani hata panapojengwa chini kabisa, aliona kitu kikitendeka wakati ule ule kinapotendeka. Hapo ndipo amri fupi za studio zilipopata maana: kaa tayari, anza, sogea karibu, nenda kamera ya pili. Na kwa kuwa sauti yake isingeweza kusikika ukumbini pasipo kunaswa na maikrofoni, alihitajiwa mtu wa kuzipokea amri hizo masikioni na kuwafikishia wachezaji kwa ishara za mikono.

Wengi huandika kwamba mistari 405 iliishinda mistari 240, na hesabu hiyo ni sahihi. Lakini naamini kwa dhati kwamba hata lau mistari ingalikuwa sawasawa, chumba cha Baird kingalishindwa, kwa sababu hakuna awezaye kuongoza jambo lililokwisha kupita.

Tarehe 30 Novemba 1936 moto uliliteketeza jumba la Crystal Palace, lililokuwa na maabara za kampuni ya Baird, na ndani yake zana za kamera ya umeme iliyobuniwa na Mmarekani Philo Farnsworth, ambayo huenda ingalikiokoa chumba kile. Februari 1937 mtambo wa Marconi-EMI ukabaki peke yake, na Mei mwaka huo kamera zake zilionyesha msafara wa kutawazwa kwa Mfalme George VI. Vita vilipoingia mwaka 1939 televisheni ilifungwa, ikafunguliwa tena tarehe 7 Juni 1946. Baird akafariki wiki moja baadaye, tarehe 14.

Kenya ilipoanzisha televisheni mwaka 1962, Uganda ikaifuata mwaka 1963, na Zanzibar ikaanza yake ya rangi katika miaka ya 1970, Tanzania Bara ikingoja hadi miaka ya 1990, watendakazi wake walijifunza kuketi, kusimama na kuitana kwa mpango ule ule wa chumba cha Emitron. Mistari 405 yenyewe iliendelea kurushwa Uingereza hadi Januari 1985.