Waandishi wa Habari Wawili na Kalamu Nyekundu

Ndugu msomaji, kama umepita chuoni, uwe Mlimani, Mzumbe au Makerere, insha unaijua. Unajua pia inavyoandikwa. Usiku mmoja, chupa ya chai ya rangi, desa pembeni, asubuhi watu mbio kwenda kukusanya. Baada ya wiki kadhaa inarudi imechorwa wino mwekundu kila kona. Mtu anatazama alama, anaikunja, anaitia kwenye begi. Mchezo umekwisha. Nani aiandike upya, na amwandikie nani?

Nimekuwa nikifuatilia historia ya kitu hiki, yaani kozi ya kufundisha watu wa chuo kuandika. Vyuo vyetu vimerithi mengi kwa Mwingereza, lakini kozi ya uandishi ya mwaka wa kwanza, kama somo linalojitegemea, ni mtoto wa Marekani. Kilichonifurahisha ni kukuta humo watu wa kazi yangu, waandishi wa habari. Mmoja alishiriki kuijenga. Mwingine, miaka 100 baadaye, alishiriki kuigeuza kichwa chini miguu juu.

Tuanze na wa kwanza. Mwaka 1872, Charles Eliot, rais wa Chuo Kikuu cha Harvard, alimleta mtu aliyesoma naye pale pale, Adams Sherman Hill, aje afundishe uandishi. Hill alikuwa amesomea sheria na kuandikia gazeti la New York Tribune. Mwaka 1874 Harvard ikaanza kuwataka wanaoomba nafasi waandike insha fupi ya Kiingereza, isiyo na makosa ya tahajia, alama za uandishi wala sarufi. Mada zilitoka kwenye vitabu vilivyotajwa mapema. Miongoni mwake zilikuwamo tamthilia za Shakespeare, Julius Caesar na The Merchant of Venice. Naam, zile zile ambazo Mwalimu Nyerere alikuja kuzitafsiri.

Matokeo yakawa balaa. Mwaka 1879 karibu nusu ya watahiniwa walianguka. Na wengi wao walikuwa vijana wa familia zenye nazo, waliosomeshwa shule nzuri na waliozaliwa ndani ya Kiingereza. Makelele yakaanza: vijana wa siku hizi hawajui kuandika! (Unaona? Wimbo huu ni wa zamani kuliko babu zetu.) Dawa ikawa kozi. Kuanzia mwaka 1885, kila aliyeingia mwaka wa kwanza alisoma English A, na kufikia mwisho wa karne ile ndiyo kozi pekee ya lazima iliyobaki Harvard. Vyuo vingine vikaiga.

Mwalimu mwingine pale, Barrett Wendell, aliwafanya wanafunzi walete insha ya ukurasa mmoja kila siku, siku sita kwa wiki. Sisi wa magazeti tunaujua mwendo huo. Sasa fikiria mzigo wa kusahihisha. Walimu wakatumia vifupisho vya kuandika pembeni mwa karatasi: hiki cha tahajia, hiki cha nukta, hiki cha aya mbovu. Tuwe wakweli, kuandika upya kulikuwepo. Mwanafunzi alirudishiwa karatasi yake na kutakiwa kurekebisha. Lakini alichorekebisha ni pale palipochorwa. Nini alitaka kusema, na kama kilistahili kusemwa, hilo halikuwa na kifupisho.

Mwaka 1892 kamati moja ilitoa ripoti juu ya uandishi wa wanafunzi wa Harvard. Mjumbe wake mmoja alikuwa E. L. Godkin, mhariri wa magazeti. Kamati ilizilaumu shule za sekondari kwa kutoa vijana wasiojua kuandika, na ikachapisha nakala za karatasi za vijana wenyewe, makosa yote nje. Kozi ilizaliwa kama mlinzi wa geti, na mlinzi kazi yake ni kukagua.

Aliyepita kwenye geti hilo ni W. E. B. Du Bois, yule msomi mweusi aliyekuja kufariki Accra mwaka 1963. Aliingia Harvard mwaka 1888 akiwa tayari na digrii ya Fisk. Insha yake ya kwanza ikapewa E. Hakuwahi kupata aibu ya namna hiyo maishani. Mwenyewe alieleza baadaye kwamba alijifunza kitu pale: hoja nzito ikivaa matambara haifiki mbali. Mwaka 1890 akaingia darasa la Wendell, na katika insha moja akaeleza kwamba ana jambo la kuiambia dunia na amekuja darasani ili alisema vizuri. Wendell akaisoma mbele ya darasa.

Du Bois alikuja na jambo lake mkononi. Lakini yule kijana ambaye jambo lake bado halijakaa sawa kichwani, ambaye ndiyo kwanza analitafuta huku anaandika, kalamu nyekundu inamsaidiaje?

Hapo ndipo anapoingia mwandishi wa pili. Donald Murray alikuwa wa gazeti la Boston Herald, na mwaka 1954, akiwa na miaka 29, alipata tuzo ya Pulitzer kwa tahariri zake. Baadaye akaenda kufundisha Chuo Kikuu cha New Hampshire. Mwaka 1972, miaka 100 kamili tangu Hill aajiriwe, akatoa makala fupi yenye hoja nyepesi kueleza na ngumu kumeza: mwalimu aache kufundisha insha iliyokwisha, afundishe kuandika kunavyokwenda. Mwanafunzi apewe muda wa kutafuta mada yake, aandike rasimu, aiandike tena, na mwalimu anyamaze kidogo ili amsikie. Aliyewahi kukaa chumba cha habari anajua Murray alikitoa wapi. Hakuna mhariri anayesubiri gazeti lichapwe ndipo akuambie stori yako haina kichwa.

Hakuwa peke yake. Mwaka 1971 Janet Emig alichapisha utafiti wake juu ya wanafunzi wanane wa mwaka wa mwisho wa sekondari, ambao aliwaomba wafikiri kwa sauti huku wanaandika. Ule utaratibu wa vitabuni, muhtasari kwanza kisha insha inafuata kama treni relini, hakuukuta. Mwaka 1981 Linda Flower na John Hayes wakaonyesha kwamba kupanga, kuandika na kupitia upya havipangi foleni. Mtu anapanga, anaandika sentensi mbili, anagundua mpango haufai, anarudi.

Lakini ninaoupenda zaidi ni utafiti wa Nancy Sommers wa mwaka 1980. Alichukua wanafunzi 20 wa mwaka wa kwanza na watu wazima 20 wazoefu wa kuandika, wakiwamo waandishi wa habari na wahariri. Kila mmoja aliandika insha tatu, na kila insha akairudia mara mbili. Wanafunzi walibadili maneno: hili limejirudia, hili jepesi, tafuta jingine la kisomi. Wazoefu walibomoa. Walikuwa wanatafuta umbo la hoja yao na kujiuliza msomaji ataielewaje. Kwa mwanafunzi kurudia kulikuwa kupiga deki. Kwa mzoefu kulikuwa kuhamisha kuta.

Kwa nini haya yatuhusu? Nenda New York. Mwaka 1970 chuo kikuu cha jiji hilo, CUNY, kilifungua milango kwa kila aliyemaliza sekondari mjini humo. Wakaingia watoto wa maskini, weusi, Waporto Riko, wengi wakiwa na Kiingereza kisicho cha vitabuni. Mina Shaughnessy, mwalimu wa City College, alipitia insha zao zipatazo 4,000, na mwaka 1977 akatoa kitabu. Alichokiona ni kwamba makosa yale yalikuwa na mantiki. Mwandishi alikuwa anafuata kanuni fulani, ila siyo ile ya mwalimu. Na aliyechorwa sana anajifunza kujificha: anaandika sentensi fupi, salama, tupu.

Hapo ndugu yangu ndipo moyo wangu ulipo. Wengi wetu tunaandika vyuoni kwa lugha ya pili au ya tatu. Nimewasikia watu wakibishana kuhusu ujamaa kwenye kijiwe cha kahawa hadi unatamani kurekodi, na hao hao wakipewa karatasi wanatoa aya tatu za tahadhari. Akili haikupotea njiani kati ya kijiwe na darasa. Waliambiwa wasikosee kabla hawajaulizwa wana nini cha kusema.

Na siku hizi kompyuta inakuandikia ukurasa usio na kosa la tahajia kwa sekunde chache. Usafi ule ambao Hill aliutafuta kwa kozi nzima, sasa ni wa bei ya kutupa. Kilichobaki na thamani ni ile rasimu mbovu ambamo mtu anahangaika kujua anaamini nini, na mtu wa kumwambia hapa sijakuelewa, hebu rudia.

Tusidhani kurudia ni kwa wanafunzi. Nyerere alitoa tafsiri yake ya Julius Caesar mwaka 1963 kwa jina la Julius Caezar. Mwaka 1969 ikatoka upya, imerekebishwa, hadi jina jalada: Juliasi Kaizari. Rais wa nchi, mwenye Azimio la Arusha mikononi na taifa zima la kuendesha, alirudi kwenye kazi ambayo ilishachapwa akaipitia tena. Hakuna mhadhiri aliyekuwa anamsubiri na kalamu nyekundu.